Kadi Isiyo na Jina

Mwaka ule baba mdogo Salum alinipa mpaka Ijumaa. Shomari wa Bunda, mnunuzi wa pamba mwenye wake wawili na meno machache, alikuwa ameshaleta mshenga, na kama hakuna mwingine wa kuniposa basi Ijumaa anajibiwa ndiyo. Mwingine alikuwepo. Hamduni, karani wa baraza la Liwali hapa Musoma, alikuwaga anapita mbele ya cherehani yangu mara nne kwa siku, miaka miwili mizima, anauliza bei ya kushona kanzu. Kitambaa chenyewe hajakileta hata siku moja. Alinikera, na nilimpenda, kwa hiyo nikawa nakereka mara mbili.

Jumanne nikaitwa posta. Barua imetumwa kutoka wapi? Posta hiyohiyo, hatua thelathini toka kibarazani kwangu, na stempu juu. Ndani mna kadi ya Kizungu: moyo mwekundu umechomwa mshale, na maua pembeni. Jina la mtumaji hakuna.

Nikaenda dukani kwa Kasmiri, maana kadi za namna hiyo zilikuwa kwake tu. Akacheka mpaka akashika meza. Akaniambia Wazungu ndivyo wanafanyaga mwezi wa pili: mwanaume anatuma moyo bila jina, mwanamke anakaa anabahatisha. Mwaka huu mteja wa kadi hizo asiye Mzungu alikuwa mmoja tu, karani fulani, na alikuja kuinunua huku kofia imemfunika mpaka puani.

Sasa mimi nibahatishe nini? Kwetu posa inaletwa na mtu mzima mwenye mdomo. Baba mdogo nikimwonyesha mshale, si atadhani natishiwa kuuawa? Hapo nikasimama. Nikajifunga khanga vizuri, nikamchukua baba mdogo, nikaenda kwa Liwali kushtaki.

Anayeandika mashtaka ni nani? Hamduni. Nikaweka kadi mezani, nikaeleza taratibu ili karani asipitwe na neno: mtu asiyejulikana amenitumia moyo uliochomwa, bila shaka anataka kuniua. Hamduni akaandika. Jasho lilimdondoka mpaka wino ukatapakaa. Liwali akaitazama anwani kwenye bahasha, akatazama daftari la karani wake, akarudi kwenye anwani. Mzee yule hakuwa mjinga. Akasema mwandiko huu utakwenda polisi, labda karani ana neno kabla haujaenda.

Hamduni akachovya kalamu, akaendelea kuandika. Hapo nikaogopa kweli, nikajilaumu kwa ujanja wangu. Nikaiona Bunda, nikayaona na meno ya Shomari.

Kisha Hamduni akasimama. "Ni mimi," akasema. "Sikutaka kumuua. Nataka kumuoa, ila niliogopa kukataliwa uso kwa uso."

Baba mdogo akauliza mbona hakutuma mshenga. Liwali akasema mshenga ni yeye Liwali, tangu sasa hivi, na kesi imekwisha.

"Haijaisha," nikasema. "Aandike jina."

Hamduni akaichukua kadi, akaandika jina lake, la baba yake na la babu yake. Halafu, kwa mazoea ya kazi, akagonga mhuri wa baraza katikati ya moyo.

Ijumaa Shomari alijibiwa hapana. Siku hizi tukigombana, mume wangu anasema mimi ndiye niliyemtaka yeye. Sibishani naye. Naitoa kadi sandukuni, nasubiri avae miwani.