Mbabula za Stanislas Kwenye Maonyesho

Usiniulize nani alimshauri Adolphine. Hakuna aliyemshauri, alijitakia mwenyewe. Karakana ya marehemu mumewe Stanislas, kule Ruashi, ilikuwa imebakiza pumzi moja tu. Mbabula zake, yale majiko ya makaa ya bati nzito, hazikupata mnunuzi tangu mvua zianze. Maonyesho ya biashara yakipita bila mgodi hata mmoja kuziagiza kwa ajili ya kantini, mlango ungefungwa, na Faustin fundi angerudi kwao Kambove kuchimba madini mashimoni.

Basi akakipamba kibanda kwa moyo wote. Majirani walivaa fulana za sare zenye jina la kampuni. Yeye na Faustin walikuwa nazo pia: zile zilizochapwa kwa ajili ya kilio cha Stanislas, matanga yake, mwaka juzi, zenye uso wake na jina la karakana. Akatundika picha yake kubwa, watu wamjue mwanzilishi. Akafunga makuti ya mchikichi mlangoni, akapanga viti vya plastiki, katikati akawasha mbabula moja ili waone inavyotunza moto. Mezani akaweka sahani ya kupokelea kadi za wateja. Akatazama, akaridhika kabisa.

Watu walikuja, tena wengi. Wakifika mlangoni walishusha sauti, wakauzunguka moto, wengine wakaketi kidogo, wakaondoka bila kuuliza bei. Adolphine alidhani ni adabu ya matajiri wa Karavia.

Alasiri akaingia mkubwa wa manunuzi wa mgodi mmoja, yule yule ambaye Adolphine alikuwa amesali rozari ili aje. Alivua kofia, akaitazama picha, akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Pole sana, mama. Ni bwana yako?"

"Ndiyo, papa."

"Alikufa na nini?"

"Moyo," akasema Adolphine, na hapo hapo akaelewa. Akatazama makuti, kama yanayofungwa penye msiba, moto, viti, sahani, kifua cha Faustin. Maskini, alikuwa amefungua kilio.

"Nilikuja kuulizia mbabula," yule bwana akasema, "lakini hapana, mambo ya kazi haisumbue bafiwa." Akaweka noti kwenye sahani ya kadi.

Adolphine alitakiwa aseme, papa, ngoja. Lakini watu walikuwa wameketi pale wameinamisha vichwa, na aibu ina nguvu kuliko njaa. Yule bwana akavuka hadi kibanda cha majiko ya gesi, na huko akaweka sahihi ya agizo.

"Mama, nitoe makuti?" Faustin akauliza.

"Acha tu."

Akasukuma kiti, akaketi chini, miguu ameinyoosha, kama alivyoketi siku ile ya Stanislas. Akalia kwa sauti. Mama mmoja mpita njia akaingia, akaketi kando yake bila kuuliza chochote, akampapasa mgongo.

"Alikuwa mugonjwa?"

"Siku mingi," Adolphine akajibu. "Leo ndiyo tumemuzika."