Watu Wasiojua Wanapigwa Picha

Sindano alikuwa kidato cha sita, na jina hilo alibandikwa na wenzake kwa sababu ya wembamba wake. Siku tangazo la mafunzo ya upigaji picha lilipotokea ubaoni, alisoma maneno mawili tu, "bila malipo", akajiandikisha papo hapo. Mwishoni kulikuwa na cheti, na cheti kilikuwa na mtihani wake: picha sita za mtu aliye nyumbani, asiyejua kwamba anapigwa picha.

Kosa lake lilikuwa kumweleza mama.

Mama alikuwa nesi. Siri za wagonjwa alizitunza vizuri sana, labda ndiyo maana nyingine zote hazikupata nafasi. Jioni ileile aliwakusanya watu wa nyumbani. "Mtoto ana mtihani. Kesho asitokee mtu wa kujua kwamba anapigwa picha. Tumeelewana?"

Walielewana kupita kiasi. Asubuhi Sindano alimkuta baba, fundi saa, anafagia ua akiwa ndani ya suti aliyoolea, macho mawinguni. Jikoni shangazi alikuwa anamenya vitunguu huku amejipaka wanja wa nguvu, na machozi yamemchorea mistari miwili myeusi mpaka kidevuni.

"Baba, suti ya nini?"

"Suti gani?" baba akajibu bila kugeuka. "Mimi sijui lolote."

Akapiga picha arobaini. Katika zote arobaini, watu walijua mpaka kwenye kucha.

Saa nne mwalimu wa picha akabisha hodi. Alikuwa mtu mpole mwenye kitambi, na wiki hiyo alikuwa anawazungukia wanafunzi wake kuona wanavyofanya kazi. Sindano alimkalisha kwenye kochi, akakimbilia chumbani kuchukua betri nyingine. Huku nyuma familia ikaamini huyo ndiye msimamizi wa mtihani. Ikaongeza bidii ya kutojua.

"Habari za asubuhi, mzee," mwalimu akasema baba alipopita. Baba akapita. Akamsalimia mama, mama akainama kuhesabu vigae vya sakafu. Shangazi akaleta chai, akaketi mbele ya mgeni, akainywa mwenyewe vikombe viwili, macho kwenye ukuta juu ya kichwa cha mwalimu. Mwalimu naye akageuka kuutazama. Hapakuwa na kitu. Akajipapasa kifua, kisha akajifinya mkono, kama mtu anayetaka uhakika kwamba bado yuko hai.

Sindano alikuwa amesimama mlangoni. Aibu ilimjaa, akatamani ardhi ipasuke immeze, lakini kidole kilikwisha kumtangulia. Kamera ikalia mara sita.

Mwalimu akashtuka. "Kumbe wewe unaniona?"

Ilibidi aelezwe yote. "Utusamehe, mwalimu," baba akasema, akimpa mkono kwa mara ya kwanza. "Tuliambiwa tusijue, na sisi tukitumwa kitu tunakifanya."

Mwalimu akaomba kamera. Akaziangalia zile picha sita moja baada ya nyingine, akazirudia, halafu akacheka mpaka kochi likalia. "Humu ndani aliyekuwa hajui ni mimi peke yangu," akasema. "Sasa nikufelishe kwa lipi?"

Cheti kilitoka baada ya wiki tatu, na picha zikatundikwa kwenye korido ya shule. Mwalimu hupita pale kwa haraka, na mwanafunzi akimsalimia, huuliza kwanza, "Mimi?"