Paja la Taisto

Kwa miaka ishirini na sita, Taisto Karppinen ndiye aliyekuwa akigeuza mgongo nyama ya mawindo ikigawanywa. Wawindaji wa kijiji wakishapanga nyama ya kulungu mafungu mafungu mezani, mmoja huonyesha fungu kwa kidole na kuuliza, "Hili la nani?" Taisto, akiutazama ukuta ili asimpendelee yeyote, hutaja jina. Kazi hiyo hapewi mtu wa ujanja ujanja, na yeye aliiringia kuliko ng'ombe wake wote.

Mwaka huo alikuwa akisubiri kibali cha zizi jipya. Mkaguzi wa mazingira wa serikali, Outi Räisänen, binti wa jirani ambaye Taisto alimjua tangu anatambaa, alikuta maji ya samadi yakivuja kutoka zizi la zamani kuelekea ziwani. Akaandika. Taisto akaingia ndani, akatoka na paja zima la kulungu.

"La baba yako, kama kila vuli," alisema akilipakia kwenye gari la Outi. Laiti angeishia hapo! Ulimi ukamponyoka: "Na hayo maji, mwanangu, fumba jicho. Theluji ikianguka sijajenga, nimekwisha."

Outi akalishusha paja, akaliweka ngazini. Machozi yalimlengalenga.

"Mzee Taisto, kwa nini umesema? Sasa lazima nitoe taarifa."

Baada ya wiki moja akaja polisi. Alivua viatu mlangoni, akakataa kwa upole kahawa ambayo kijijini hapo mgeni haikatai, na hapo Taisto akajua mambo si mchezo.

"Lakini hakulipokea!" alifoka Aune, mkewe. "Nyama imo kwenye friza yetu. Kosa liko wapi?"

"Kosa halingoji apokee, mama. Ukimpa au ukimwahidi mtumishi wa umma kitu ili apindishe kazi yake, tayari. Paja la desturi sina neno nalo. Nauliza maneno yaliyofuata." Akamgeukia Taisto. "Outi anasema ulimwambia afumbe jicho. Mlikuwa wawili tu. Ulisema?"

Aune alimkanyaga mumewe chini ya meza. "Ni mgao wa kila mwaka, basi. Mwambie hivyo, yaishe."

Yangeisha kweli. Kijiji kizima kingemwamini Taisto, na Outi ndiye angeonekana mwongo. Aliinuka, akageukia ukuta, maana kwa aibu hakuweza kumtazama mtu usoni.

"Nilisema," alijibu. "Neno kwa neno, kama alivyowaambia."

Faini alilipa. Zizi halikujengwa mwaka huo. Vuli iliyofuata alisimama kando ya meza pamoja na wengine, kofia mkononi, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi akaona jinsi nyama inavyoonyeshwa. Aliyegeuza mgongo sasa alikuwa baba yake Outi. Kidole kikatua kwenye fungu la kwanza.

"Hili la nani?"

Mzee hakusita.

"La Taisto."