Chakula cha Kusimama

Kila Jumanne jioni, bunge la jimbo linapokuwa katika kikao, kampuni ya ushawishi ya Penhallow na Crail, inayolipwa na wateja ili iwavute wabunge upande wao, huwaalika waheshimiwa katika ukumbi wa hoteli iliyo mkabala na jengo la bunge. Hupangwa kamba wa kukaanga, vipande vya paja la nguruwe na pichi zilizochovywa katika sukari, kila kimoja kimechomwa kijiti. Viti havipo. Sheria ya maadili ya jimbo hilo inasema kwamba mlo unaoliwa kwa kuketi ni zawadi, na zawadi ni marufuku. Bali kinacholiwa kwa kusimama, kwa kijiti, si kitu. Waheshimiwa, ambao ndio walioitunga sheria hiyo, huitii kikamilifu, na hula wakiwa wima mpaka masinia yang'ae.

Delphine Rucker, aliyeajiriwa na chama kidogo cha wananchi kufuatilia nyendo za kampuni hiyo, alikuwa amekwisha kujua mengi. Alijua kwamba mteja mkubwa wa kampuni ni Brannock, wafugaji wa nguruwe. Alijua kwamba michango ya kampeni haikutolewa kwa jina la kampuni, bali kwa majina ya wakubwa wake, wake zao, mama wakwe zao, na mtunza bustani mmoja ambaye, kwa mshahara wa mtunza bustani, aliwapenda wabunge tisa kwa wakati mmoja. Alijua pia kwamba muswada wa kuwazuia majirani wa mabanda ya nguruwe wasiende mahakamani uliandikwa katika ofisi za Penhallow na Crail, kwa sababu mbunge aliyeuwasilisha alishindwa kuusoma bila kuuliza maana ya maneno. Alichapisha yote hayo. Hakuna aliyesoma.

Mwezi wa Machi magoti yakagoma.

Wa kwanza alikuwa Mheshimiwa Dewey Stallings, mbunge wa kaunti ya Tarrow. Asubuhi baada ya karamu alifika kwenye kiti chake bungeni, na miguu ikakataa kukunjika. Alisimama kutwa. Kufikia Ijumaa walikuwa wengi. Daktari wa bunge aliwapima, akaona mifupa ni mizima, akawaandikia viatu vya soli nene. Delphine, akiwa katika roshani ya wageni, aliona kwamba waliosimama ni wale wale waliopokea michango, na kwamba waliopokea kidogo waliweza kukunja nusu, wakabaki wameinama kama watu walioko chooni. Kazi iliyomchukua miaka, sasa ilionekana na yeyote aliyepanda ngazi. Gazeti la mji lilipiga picha, likaandika kwamba wabunge wa mwaka huu wana bidii.

Usafiri ulileta taabu kidogo, kwani hawakuenea tena ndani ya magari. Kampuni ikakodi magari ya kubebea maiti, waheshimiwa wakawa wanasafirishwa wakiwa wamelazwa. Kamati ya maadili ilikutana, kwa kusimama, ikaamua kwamba sheria haisemi lolote juu ya safari ya kulala. Kwa hiyo nayo si zawadi.

Siku ya kuupigia kura muswada huo wa nguruwe, Bi Odessa Tillery alikuja kutoka Tarrow. Ni mjane, na nyumba yake imepakana na mabanda ya Brannock, ambako kinyesi cha nguruwe hukusanywa bwawani, kisha hurushwa hewani kwa mabomba ili kiangukie mashamba. Upepo hauheshimu mipaka. Kinyesi huangukia paa lake, nguo zake kambani na kisima chake. Yeye na majirani walikuwa wamefungua kesi, na hukumu ilikuwa imekaribia. Muswada ukipita, kesi inakufa. Hata hivyo alikuja bila hofu kubwa, kwa kuwa ndiye aliyemfundisha Stallings katika shule ya Jumapili, na wakati wa kampeni Stallings aliketi barazani kwake, akala mkate wa mahindi, akamwahidi kwamba ataupinga.

Alimkuta nje ya ukumbi, ameegemea ukuta, na Bwana Crail wa kampuni yuko kando yake.

"Dewey, mwanangu. Keti hapa tuzungumze."

"Siwezi, Bi Odessa. Magoti."

"Magoti yana nini?"

"Yamekataa tu, mama."

"Mwaka juzi yalikunjika vizuri barazani kwangu. Ulikula mpaka ukafungua mkanda, halafu ukaomba cha kwenda nacho."

"Mkate wako mtamu, mama. Nani atakataa?"

"Sikuulizi habari za mkate. Nakuuliza habari za mavi yaliyo juu ya paa langu."

Bwana Crail akatabasamu. "Bibi, siku hizi tunasema unyevu wa shambani."

"Haya, baba. Nitakuletea chupa ya huo unyevu, uchovyee kamba wako."

Stallings akacheka, kisha akakumbuka amesimama kando ya nani, akaacha.

"Ulinipa neno lako, Dewey."

"Neno lipo, Bi Odessa. Magoti ndiyo hayapo."

Bunge hilo hupiga kura kwa kusimama, na ndivyo lilivyofanya tangu kuundwa kwake. Delphine alikwenda kwa karani kumweleza kwamba watu wasioweza kuketi hawawezi kuhesabiwa kuwa wamesimama kwa hiari.

"Dada yangu," karani akasema, "mimi nahesabu vichwa vilivyo juu. Magoti hayamo katika kanuni."

"Wanaokubali na wasimame," Spika akatangaza, naye akiwa wima. Hakuna aliyeinuka. Karani akahesabu. Kisha Spika akawaita wanaokataa. Wachache waliokuwa bado wameketi wakainuka, na karani akawahesabu hao tu, kwa kuwa wengine walikwisha kuhesabiwa. Stallings hakujaribu hata kuinama. Muswada ukapita, na kesi ya Tarrow ikafutwa kabla ya Pasaka.

Baadaye viti viliondolewa bungeni, vikagawiwa wananchi waliovitaka, na Penhallow na Crail wakatoa meza ndefu za kusimamia. Bi Odessa aliomba kiti cha Stallings. Delphine akampelekea kwa gari lake, na wakakiweka barazani.

Majira ya uchaguzi yalipofika, gari la maiti lilisimama mbele ya nyumba hiyo. Dereva akamteremsha mheshimiwa, akamsimamisha barazani, akampangusa koti.

"Bi Odessa, natumaini bado tuko pamoja."

"Una njaa?"

"Kidogo, mama."

Bi Odessa akaingia ndani, akarudi na sahani ya mkate wa mahindi, kila kipande kimechomwa kijiti.

"Kula, mwanangu. Umesimama, si kitu."

Ng'ambo ya ua mabomba yakafunguliwa. Bi Odessa akakisogeza kiti ukutani, akakifuta kwa kitambaa, akaketi. Mheshimiwa aliyatazama matone juu ya mkate, akaufunika kwa kiganja, akala, akaomba cha kwenda nacho.