Kidole cha Donatus

"Mama Festo, hivi kidole cha mtu kinaweza kutoka kazini, mwenyewe akabaki?"

Mariana, jirani wa nyumba ya pili, aliuliza hivyo kisimani, Nyarugusu, siku chache baada ya mumewe Donatus kurudishwa nyumbani kutoka hospitali na vyuma mguuni. Aliuliza huku anajaza ndoo, bila kumtazama Eufrasia usoni. Eufrasia akajitwika ndoo yake akaondoka. Lakini swali lilimfuata hadi nyumbani, likakaa naye jikoni.

Festo, mwanawe, ndiye aliyesimamia mashine ya mahudhurio kwenye mgodi wa dhahabu wa Magesa. Mfanyakazi anabonyeza kidole akiingia, anabonyeza tena akitoka. Mashine ilisema Donatus alitoka saa kumi na mbili jioni. Karasha, ule mtambo wa kusagia mawe, ulimvunja mguu usiku. Basi Magesa akatangaza kwamba jamaa alikuwa amerudi kuiba mawe, na mwizi hadai fidia. Mariana akaenda kushtaki kwa afisa kazi, Geita mjini. Afisa huyo alikuwa anakuja kesho yake asubuhi.

Eufrasia hakuwa mtu wa kupayuka. Tangu afiwe na mume alijifunza kuangalia tu na kumwachia Mungu yaliyobaki. Aliona kwamba Festo siku hizi haendi kupokea Komunyo; watu wa benchi lao wakinyanyuka, yeye anakunja magoti kuwapisha, macho kwenye viatu. Aliona simu ikiita anakwenda kuipokelea nyuma ya choo. Kijana huyu hakuwa na tabia hiyo.

Jioni alimwekea ugali na dagaa, akakaa mbele yake.

"Festo."

"Naam, mama."

"Donatus alibonyeza mwenyewe?"

"Mashine haidanganyi, mama."

"Sijakuuliza habari za mashine."

Festo akamega tonge, asilile.

"Kidole cha Donatus hakisomi," mama akasema. "Mawe yamekilamba mpaka kimekuwa laini kama sahani. Hata laini ya simu yake ilibidi isajiliwe kwa kidole cha Mariana, na aliyewapeleka dukani ni wewe. Sasa kwenu kilisomaje?"

Kijana akautazama mlango. Halafu akaeleza taratibu, kama mtu anayesali sala asiyoijua vizuri. Wengi pale vidole vyao havisomi. Mwanzoni aliwaonea huruma, wasije wakakosa siku zao, akasajili vidole vyake mwenyewe kwa majina yao. Magesa alipogundua hakukasirika. Alicheka. Akamwambia, vizuri, basi kila ikifika saa kumi na mbili uwabonyezee wote kwamba wametoka, anayebaki amebaki kwa mapenzi yake. Na nani angethubutu kuondoka? Watu wakawa wanasaga mawe mpaka usiku, mashine inasema wako kwao wamelala.

"Na kesho?"

"Bosi amesema tusimame na mashine."

"Tusimame. Wewe na yeye."

"Ndiyo."

"Kidole ni cha nani, Festo?"

Kabla hajajibu, gari likasimama nje.

"Hodi humu. Shikamoo, mayu." Magesa, ambaye kila mama kwake ni mayu kwa Kisukuma, alikuwa ameshaingia, funguo mkononi. "Nanusa dagaa. Mnakula bila kuniita?"

"Marahaba. Ungepiga simu, namba ya Festo unayo."

Magesa akacheka, ila hakukaa. "Namchukua kijana. Kuna karasha jipya Kharumwa, akalisimamie kidogo. Dereva yuko tayari."

"Na afisa wa kesho?"

"Huyo niachieni mimi."

"Utamwambia nini, baba?"

"Ukweli, mayu. Kwamba aliyekuwa anasimamia mashine hayupo, ameondoka."

Alilisema kwa upole, kama mtu anayetoa pole msibani. Eufrasia alimtazama mwanawe aone kama amesikia. Alikuwa amesikia.

"Bosi," Festo akasema, "wakikuta vidole vyangu kwenye majina yote yale?"

"Mimi sijawahi kuigusa ile mashine. Unalijua hilo. Twende, giza linaingia."

"Kughushi saa za watu ni jela," Eufrasia akasema.

Magesa akamgeukia. "Mayu, wewe ungefaa kuwa polisi."

"Nasema na mwanangu." Sauti yake haikupanda. "Ukisema kesho, wanaweza kukufunga. Nitakuletea chakula, sitaona haya. Ukikimbia, watakutafuta wakufunge vilevile, huyu atakuwa anawaonyesha njia. Na Donatus atabaki mwizi, na mguu ule."

"Usimtishe mtoto," Magesa akasema.

Festo alinawa mikono. Alinawa muda mrefu, hata ile mikunjo ya vidole. Akachukua sweta msumarini. Magesa akatabasamu, akasogea pembeni ampishe mlangoni, na dereva kule nje akamfungulia mlango wa gari.

Festo alilipita gari. Akakata kushoto, akasukuma geti la miti la kwa Mariana na kuingia, akimwita Donatus.