Mwanabiokemia Aliyetajwa Mara Elfu Mbili

Profesa wa biokemia idarani kwetu alikuwa na mazoea yake. Akiingia ofisini asubuhi, kabla hajamsalimu mtu, anafungua kompyuta aone makala yake imetajwa na wangapi. Idadi ikipanda, siku hiyo hata mfagizi anaulizwa habari za watoto. Isipopanda, ripoti za wanafunzi zinarudi zimejaa wino mwekundu. Tulimwita Bwana Marejeo. Alilijua jina hilo, na lilimpendeza.

Makala yenyewe ilikuwa na umri wa miaka kumi na mitano. Ilieleza jinsi alivyogundua, katika majani ya gugu fulani, kimeng'enya kinachovunja mafuta hata kwenye maji yanayochemka. Mtaalamu wa maabara, mama mmoja asiye na maneno mengi, alimwambia siku ile ya ugunduzi, "Profesa, nina wasiwasi na ile chupa uliyofanyia jaribio. Jana wanafunzi waliitumia kupimia sabuni ya kufulia, na sabuni nayo huvunja mafuta."

Profesa akaitazama grafu yake, mstari umepanda kama ngazi. "Uchafu hauwezi kuchora mstari mzuri namna hii," akasema. Akaituma kwenye jarida.

Idadi ya waliomtaja ilipofika elfu mbili, chuo kikaamua kumpa tuzo. Mkuu wa kitivo alitaka hotuba yenye nukuu za wanasayansi wa nje waliomtaja. Profesa mwenyewe hakuwahi kuwasoma, alikuwa akiwahesabu tu. Kazi hiyo akamtupia yule mama.

Siku ya tatu mama akaingia na daftari, akafunga mlango.

"Profesa, kukutaja wanakutaja kweli."

"Soma basi!"

"'Tulirudia jaribio hili mara tisa, hatukuona kitu.' Huyu wa pili: 'Kwa mfano wa madhara ya vyombo vichafu, tazama makala hii.' Na kuna kitabu cha mwaka wa kwanza. Umo kwenye sura ya kuosha vyombo."

Profesa masikio yakamwiva. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Na hizo zote zinahesabiwa?"

"Zinahesabiwa."

"Basi, kwenye hotuba weka idadi peke yake."

Ukumbini alivaa suti mpya, mkewe kando yake, mstari wa mbele. Mkuu wa kitivo akatangaza kwamba dunia nzima inakunywa kwenye kisima cha profesa huyu. Ndipo mgeni rasmi, mtafiti wa kike kutoka nje, akasimama akitabasamu. "Kwetu," alisema, "hakuna mwanafunzi anayeruhusiwa kushika chupa kabla ya kuisoma kazi ya profesa huyu."

Makofi yakapigwa hadi vioo vikatetemeka. Mke wa profesa, mwalimu wa shule ya msingi, hakupiga. Wakiwa garini akamgeukia.

"Baba watoto, kwa nini kabla ya kushika chupa?"

"Ni heshima tu."

"Mimi nafundisha watoto wa miaka saba. Uongo naujua hata ukivaa suti."

Akamweleza yote. Kwa wiki nzima mkewe akawa anamwita "Profesa" mbele ya watoto, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Lilimchoma kuliko tusi.

Jumatatu iliyofuata profesa alishuka maabara akamwomba yule mama warudie jaribio. Waliosha chupa pamoja, yeye akisugua kwa brashi kama mwanafunzi. Mstari ukalala chini, ukalala moja kwa moja. Siku hiyohiyo wakaandika barua ya kuifuta makala, jina la mama likitangulia.

Mkuu wa kitivo alipoisikia habari hiyo alikaribia kuzimia. "Unataka kutuua? Unajua chuo kimepanda nafasi ngapi kwenye orodha ya vyuo bora kwa mgongo wako?"

"Kimepanda kwa sabuni," profesa akamjibu, akaenda kuituma barua.

Picha yake ikashushwa ukutani kabla ya chakula cha mchana. Kwa miezi miwili wenzake walimkwepa kwenye ngazi, na mimi nilikuwemo, sitaficha. Lakini profesa anayejiumbua mwenyewe ni nadra, na waandishi wa majarida wakaivamia ile barua: wengine wakamsifu, wengine wakamcheka, wote wakamtaja. Elfu mbili ikawa elfu tatu na ushee, na chuo kikapanda nafasi nne zaidi.

Mkuu wa kitivo akapiga simu mwenyewe, sauti imejaa asali.

"Profesa, ndugu yangu, hujambo? Nilikuwa nauliza tu… hakuna nyingine ya kufuta?"