Glasi ya Bafuni

Auleria hakuwahi kugundua kwamba katika glasi ya bafuni mlikuwa na miswaki mitatu, ilhali nyumba yao ya Boko ililala watu wanne. Aliiona kila asubuhi: wa mumewe Gozbert, wake mwenyewe, na ule mdogo wa binti yao Lulu, vichwa vikiegemeana. Asiyekuwa na wa kwake ni Yuliana, dada wa kazi kutoka Newala. Juma lake la kwanza aliuomba, na Auleria akamjibu kwamba angemletea akipita dukani. Alipita dukani mara nyingi.

Kimakonde, lugha ya kwao Yuliana, kilianzia kwa Gozbert, kwenye chai ya asubuhi. Alifumba macho aombee chakula, na sala ikatoka kwa lugha ambayo Mhaya yule hakuwahi kujifunza. Wote wakaitikia amina.

"Dada, baba amesema nini?" Auleria aliuliza.

Yuliana aliitua chupa ya chai. Alikuwa ameegemeza upindo wa khanga shavuni. "Anasema jino la nyuma linamuuma, mama. Usiku halali. Anaomba apelekwe hospitali."

"Mie?" Gozbert akacheka. "Haya meno yanavunja mifupa ya mbuzi! Huyo anayeumwa atafute baba mwingine wa kumsemea."

Kesho yake Auleria alifundisha kipindi kizima cha baiolojia kwa Kimakonde, na wanafunzi wakanakili kadiri walivyosikia. Lulu naye aliongea hivyo hivyo akivaa viatu, ila yeye, kwa kuwa ni mtoto, baada ya siku chache akawa anaelewa anachokisema. Auleria hakujali sana habari ya lugha. Kilichomtia wasiwasi ni fizi zake, zilizokuwa zikivuja damu hata akila ndizi za kupikwa.

Akaenda na Lulu kwa daktari wa meno, Valerian, mwenye kliniki ndogo Tegeta. Daktari alimulika kinywa, akasikiliza Kimakonde kidogo, kisha akavua glavu.

"Mswaki ulioloa hubeba vijidudu vya kinywa cha mwingine," alisema. "Hubeba na mengine, lakini hayo hatuyatibu hapa. Itupeni ya zamani. Kila mtu awe na wake, ukauke, usigusane na mwenzake. Nyumbani mko wangapi?"

"Watatu," Auleria alijibu kwa Kiswahili safi. Kisha midomo yake ikaongeza neno jingine.

"Mama amesema wanne," Lulu akatafsiri.

Daktari aliandika watatu.

Jioni Auleria alimkuta Yuliana akichambua mchele. "Dada, wewe unatumia mswaki upi?"

"Nikiamka, nachukua uliokauka, mama."

"Wa nani?"

"Wowote. Wako, wa baba, wa Lulu. Ulisema utaniletea ukipita dukani." Hakulisema kwa lawama, alikumbusha tu, kama mtu anayekumbusha chumvi imekwisha.

"Yaani wewe huoni kinyaa?"

Yuliana aliinamia ungo. Shavu lake la kushoto lilikuwa limevimba.

Asubuhi Auleria alisimama mbele ya kaunta ya duka. "Nipe miswaki," alisema, "ya baba, ya mama, ya mtoto." Mdomo ukaendelea, kwa Kimakonde, taratibu, mara mbili. Muuzaji alidhani anaongea na simu, akasubiri.

"Mingapi, mwalimu?"

Auleria alifunika mdomo kwa kiganja, akamwonyesha vidole vitatu.

Tangu siku hiyo kila mswaki una kofia yake, na yote hukaa katika kabati dogo la bafuni lenye ufunguo. Fizi za Auleria zimepona. Mezani wanaongea Kiswahili, na hakuna tena anayesema kwamba jino linamuuma.